Seti ya kusoma miamba tabaka: kadi ya chembe ndo mpango mzima (nyota 4 kati ya 5)

Wadau wa miamba, humu ndani kuna lenzi ya mkono ya mara 10, kadi ya kupimia chembe na kichupa cha kudondoshea asidi, asidi yenyewe unajitafutia. Lenzi iko vizuri, picha haipindi pembeni. Ibane karibu kabisa na jicho halafu sogeza jiwe mpaka lionekane safi, wengi wanafanya kinyume wanaishia kulaumu lenzi. Mimi nilikuta punje za kijani za madini ya glaukonaiti kwenye jiwe la mchanga aisee nilifurahi sana, maana kama zimejitengeneza palepale basi ile ilikuwa bahari, tena sehemu ambayo mashapo yalikuwa yanajaa polepole.

Kadi sasa! Imegundishwa mchanga halisi, kuanzia laini wa mm 0.0625 hadi mm 2 kwa vipimo vya saizi za chembe vya mwanajiolojia Wentworth vya 1922, unaiweka juu ya jiwe unalinganisha kwa lenzi. Chembe zikiwa saizi moja na zimeviringika, hapo palikuwa na kitu kinazichekecha muda mrefu, yaweza kuwa mawimbi ya ufuoni au hata upepo, kwa hiyo tafuta ushahidi mwingine kabla hujasema. Vijituta vya mchanga vilivyogandia kwenye jiwe vikiwa na pande mbili sawa ni mawimbi, upande mmoja ukiwa mkali zaidi ni mkondo, na mistari iliyolalia huku halafu tabaka la juu yake ikalalia kule mara nyingi ni maji kujaa na kupwa.

Nilichokatia nyota ni karatasi ya maelekezo. Eti tope maana yake bahari ya kina! Tope linatua popote maji yalipotulia, hata kwenye wangwa, na ukiona nyufa za kukauka ujue maji yaliwahi kuondoka kabisa. Halafu haisemi lolote kuhusu mpangilio, wakati mwanajiolojia Walther alishaeleza tangu 1894 kwamba tabaka zilizopandana bila pengo, mazingira yake yalikuwa majirani. Ukikuta mchanga chini, tope katikati, chokaa juu, hiyo ni bahari ikiingia nchi kavu, na jiwe moja moja haliwezi kukuambia hivyo.

Kichupa kinavuja kwenye kifuniko, kibebe wima. Na dolomaiti (jiwe la jamii ya chokaa) isipotoa povu kwa asidi nyepesi, ikwangue upate unga kwanza ndo udondoshee.