Much Ado About Nothing ya bustanini: nendeni ile ya jioni, ya mchana iacheni

Jamani kama mnapenda tamthilia, hii Much Ado About Nothing inayochezwa nje bustanini msimu huu wa joto msiikose, na naanza na sababu kubwa kabisa: kuna mtu kwenye kile kikundi amekaa akapiga hesabu za jua. Yaani wanaanza muda ambao vichekesho vyote vya mwanzo vinachezwa kweupe, waigizaji wanatuona na sisi tunaonana, afu ile harusi inayovurugika inaangukia pale pale giza linapoanza kuingia. Nimeshaiona tamthilia hii ndani ya ukumbi, taa zinazimwa unakaa gizani kama uko sinema, na nimeiona ya nje iliyoanza mapema mpaka inaisha bado kweupe, zote nilizifurahia lakini hakuna iliyonishika hivi. Kuna onyesho la mchana pia wikiendi, waigizaji ni walewale, ila ukienda hilo umejinyima nusu ya utamu.

Kwa wasioijua nieleze haraka haraka. Shakespeare aliiandika kama 1598 au 1599 hivi, ikachapishwa 1600. Tuko Messina, kisiwa cha Sicily, wanajeshi wa Don Pedro wametoka vitani wanafikia kwa gavana Leonato. Kijana Claudio anampenda Hero, binti wa Leonato, harusi inapangwa chap chap. Pembeni kuna Beatrice, binamu yake Hero, na Benedick, mwanajeshi mwenye maneno mengi, hawa wakikutana ni vijembe tu, kila mmoja ameapa hataki ndoa. Marafiki wanaamua kuwatega, wanaongea kwa makusudi Benedick akiwa amejificha kwamba Beatrice anakufa kwa kumpenda, na Beatrice naye anafanyiwa hivyo hivyo. Sasa wakati huo huo Don John, ndugu wa Don Pedro aliyezaliwa nje ya ndoa, ana roho mbaya tu, anapanga Claudio aone mwanamke dirishani usiku na mwanaume, aamini ni Hero. Kwa hiyo ujanja ni uleule, mtu anaonyeshwa au anasikilizishwa kitu kwa kujificha, mara moja unaleta mapenzi na mara ya pili unaleta maangamizi. Hapo ndo utamu wa hii kazi ulipo na ndo maana mwanga na giza vinaihusu sana.

Zile sini mbili za kutegana Shakespeare mwenyewe aliziweka kwenye bustani ya Leonato, kwa hiyo kucheza nje kwenye miti ya kweli ni kama kuirudisha nyumbani. Benedick wao anajificha nyuma ya mti mwembamba ambao haufichi hata bega, akishtuka anahama, anakimbia ameinama anakuja kuchuchumaa katikati yetu kwenye mikeka, akavuta blanketi la mama mmoja akajifunika, na Don Pedro na wenzake wanaendelea kuongea kwa sauti kubwa zaidi huku wanamwona kabisa. Watu walicheka mpaka basi. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kinachofuata, maana waigizaji wengi wakimaliza kukimbia kimbia wanaendelea tu kuchekesha, huyu akasimama. Akatuangalia. Akaanza kupima mbele yetu, kwamba hawezi kuwa ametegwa maana mzee mwenye ndevu nyeupe kama Leonato hawezi kudanganya, na kwa kuwa bado kweupe alikuwa anamwangalia mtu machoni kabisa kama anamwomba ushauri, akihama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine mpaka anafika kwenye lile neno lake la kujitetea kwa nini sasa aoe, kwamba lazima dunia ijae watu. Alilisema kama mtu aliyekata shauri kweli, sio kama mtu anayetafuta kicheko, na kicheko kikaja kikubwa mara mbili. Ukumbi wa giza hauwezi kukupa hicho kitu, huwezi kumwomba ushauri mtu ambaye humuoni.

Beatrice naye, huyu dada ana kipaji jamani. Kwenye maandishi Hero anasema Beatrice anakuja amenyata karibu na ardhi kama ndege, basi huyu kweli alitambaa kwenye nyasi, gauni limejaa majani, hajali. Vijembe vyake na Benedick vinatoka kwa kasi na kila neno linasikika. Lakini mi nataka mmwangalie sehemu moja ambayo maonyesho mengi yanaipita mbio, pale Don Pedro anapomwambia ameupoteza moyo wa Benedick na yeye anajibu kwamba ni kweli, Benedick aliwahi kumkopesha huo moyo kwa muda na yeye Beatrice akamlipa na riba. Yaani kumbe kuna historia, hawa watu walishapendana au walikaribia, na aliumia yeye. Dada akasimama hapo kidogo tu, akatabasamu vibaya, afu akaendelea na utani. Kuanzia hapo kila kijembe anachorusha unakisikia tofauti. Na muda mfupi baadaye Don Pedro anapomuuliza kama atamkubali yeye awe mume wake, nusu utani nusu kweli, alimkatalia kwa upole ambao uliniuma, na Don Pedro wao aliuacha uso wake uonekane umeanguka.

Hawa wawili sio wahusika wakuu kwenye hesabu za kisa, kisa ni cha Claudio na Hero, lakini tangu zamani watu wanawafuata wao. Mfalme Charles I wa Uingereza kwenye kitabu chake cha tamthilia za Shakespeare aliandika kwa mkono majina yao pembeni ya jina la kazi hii. Namuelewa kabisa.

Sasa Dogberry. Huyu ni mkuu wa walinzi wa usiku, anapenda maneno makubwa ambayo hayajui maana yake, na nafasi hii iliandikwa kwa ajili ya Will Kemp, mchekeshaji aliyekuwa maarufu sana enzi hizo, mpaka kwenye chapisho la 1600 kuna sehemu wameacha jina la Kemp badala ya Dogberry. Hapa wamempa filimbi, wamempa baiskeli, wamempa kipaza sauti cha mkononi, anazunguka nyuma ya hadhira anapiga kelele, na mwanzoni inachekesha lakini inaendelea, inaendelea, mpaka kitu cha muhimu kikapotea. Maana walinzi hawa wajinga ndo watu pekee waliomsikia Borachio, mtu wa Don John, akikiri alivyolipwa na Don John kumchafua Hero, na Dogberry anaenda kwa Leonato asubuhi ya harusi kumwambia, ila anazunguka sana kwenye maneno na Leonato ana haraka, anawaambia wakamhoji wenyewe, anaondoka. Hero angeokolewa hapo! Ni dakika chache tu na kila kitu kingekuwa sawa. Hiyo sini inatakiwa ucheke huku moyo unakimbia, unataka kusimama umwambie mzee subiri msikilize huyu. Pale tulikuwa tunaangalia baiskeli. Jirani yangu aliniuliza hapo hapo hivi hawa walinzi wanahusikaje na stori, na hilo swali halikutakiwa liwepo.

Afu sauti. Wote wamefungwa maiki ndogo na spika ziko upande mmoja tu wa steji, kwa hiyo mtu anaongea kulia na sauti inatokea kushoto, wakiwa wanne au watano wanaongea inabidi utafute mdomo gani unatembea. Upepo ukipiga ndo kabisa. Ila kuna sini mbili tatu walizima maiki wakatumia sauti zao na tulisikia vizuri tu, kwa hiyo uwezo wanao. Kaeni katikati au karibu na mbele, pembeni msikae. Na msiogope lugha, sehemu kubwa ya tamthilia hii ni maongezi ya kawaida sio mashairi, watoto wakubwa kidogo wanafuata bila shida, waliokuwepo siku ile walikuwa wanamwonyesha Claudio Benedick alipojificha.

Turudi kwenye giza maana ndo nilichokuja kusema. Mapumziko yanawekwa pale Beatrice anapomaliza kutegwa, watu wanacheka, bado kuna mwanga. Mkirudi jua limeshaenda. Walinzi wanakuja na taa za mkononi na zinahitajika kweli. Enzi za Shakespeare maonyesho yalikuwa mchana, jua likiwaka, kwa hiyo mwigizaji akishika mwenge alikuwa anawaambia watu jamani sasa ni usiku tufanye hivyo. Hapa hakuna kufanya hivyo, ni usiku unaingia kweli.

Afu harusi. Na hapa mwongozaji amefanya uamuzi ambao nampa heshima zote, hajawasha taa za steji. Kuna ule mwanga wa mwisho mwisho tu, nyuso zinaanza kupotea, unachoona vizuri ni gauni jeupe la Hero. Claudio anamkataa mbele ya watu wote, anamwita chungwa bovu, anamrudisha kwa baba yake, na wewe unasikia sauti zaidi ya unavyoona, unajikuta unainama mbele kutafuta nani anasema nini. Hero anaanguka. Baba yake mzazi anasema bora afe. Hakuna aliyekuwa anagusa simu pale. Wanajeshi wanaondoka wote na Benedick, ambaye ni rafiki yao, ambaye tangu mwanzo ni mtu wa kundi la wanaume, anabaki, na dairekta alimwacha asimame peke yake upande wa wanawake muda wa kutosha tulione hilo kabla padre hajatoa wazo la kutangaza kwamba Hero amekufa.

Taa ya kwanza inawaka wakibaki wawili. Benedick anamwambia hakuna kitu duniani anachokipenda kama yeye, je si ajabu hiyo? Beatrice anakiri naye, analia, anacheka, na Benedick kwa furaha anasema niagize lolote nitakufanyia. Akajibu, muue Claudio. Nimeona maonyesho ambayo watu wanaangua kicheko hapo kwa sababu wamezoeshwa kucheka jioni nzima. Hapa kuna mtu alianza akakatisha. Dada hakupaza sauti, alisema kama mtu anayetaja kitu ambacho angekifanya mwenyewe kama angeruhusiwa, na anaposema laiti angekuwa mwanaume angeula moyo wa Claudio sokoni, ile hasira ilitoka yote, vijembe vyote vya mwanzo ukajua vilikuwa vinafunika nini. Nilitokwa machozi na wala sioni haya kusema.

Baada ya hapo nina ugomvi nao mmoja mkubwa. Wamekata sini ambayo Leonato na kaka yake Antonio, wazee wawili, wanamkabili Claudio na Don Pedro kuhusu Hero, wanataka kupigana nao kabisa, na hao vijana wanawachukulia poa, wakimaliza wanaanza kutaniana na Benedick kana kwamba hakuna msichana aliyekufa. Najua muda ni mdogo, onyesho lote ni kama masaa mawili na nusu, lakini kama ni kukata kateni baiskeli ya Dogberry. Bila hiyo sini Claudio anaonekana kijana mzuri aliyekosea kidogo, tunamkuta tu makaburini na mishumaa anaomboleza, amesafishwa. Mi nataka nimuone alivyokuwa mkavu, ili msamaha wa Hero uwe na uzito. Makaburini kwenyewe kulikuwa kuzuri lakini, mishumaa imewekwa ndani ya vioo kwa ajili ya upepo, wimbo unaimbwa bila spika, na Don Pedro anaposema zimeni mienge kunakucha taa za steji zikapanda taratibu kutoka upande wa mashariki kabisa, hiyo hesabu pia waliipiga.

Mmeniuliza wengine kama kazi hizi zingeweza kuchezwa kwa lugha yetu. Zinaweza, Wakenya walishaipeleka The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili pale Globe London, ukumbi uliojengwa kwa mfano wa ule wa enzi za Shakespeare, mwaka 2012, na ule uwanja wa katikati wa Globe hauna paa, watazamaji wa chini wanasimama hewani kama zamani. Nasubiri kwa hamu mtu atakayempa Beatrice mipasho ya Kiswahili.

Mwishoni kuna ngoma, Benedick anataka wacheze kwanza kabla ya ndoa, na wanaivuta hadhira kuingia, chezeni msijivunge, ila mmoja wenu amwangalie Hero. Claudio anamnyooshea mkono na yeye haendi moja kwa moja, anacheza kwanza na Beatrice mzunguko mzima, afu na baba yake kwa shingo upande, Claudio anamfikia mwisho kabisa na hata hapo bado anamshika mkono kama mtu anayejaribu. Maandishi hayampi Hero nafasi kubwa ya kusema alivyojisikia, kwa hiyo wameisema kwa miguu, na hilo jibu ndo nilikuwa nalitaka tangu pale harusini. Wairudishe tu ile sini ya wazee.