ThinkPad T460 ya mtumba ndani ya Linux Mint: inafaa Tanga, ila kagua betri na kioo kabla ya kulipa

T460, kompyuta mpakato ya Lenovo, ilitoka kiwandani 2016. Imefika madukani kwetu kwa sababu ofisi za Ulaya zimeichoka, si kwa sababu yenyewe imechoka. Prosesa yake ni Intel kizazi cha 6, na Windows 11 inadai kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo ukiikuta Ngamiani, Tanga, inawaka Windows 11, jua ukaguzi wa prosesa umerukwa na hakuna aliyekuahidi masasisho. Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, haijali kizazi cha prosesa, na itahudumiwa hadi 2029. Kwa mwanafunzi, mwalimu au mwenye steshenari, hiki ni chombo cha kazi. Kwa anayehariri video, hapana. Prosesa yake ya i5 ina kori (viini vya kuchakata) 2 tu.

Nenda dukani na flashi yako. Pakua toleo jepesi la Mint liitwalo Xfce, ambalo ni karibu GB 3, ukiwa na bando la usiku, kisha lihakiki kuwa limekamilika kwa amri ya `sha256sum` kabla ya kuliandika kwenye flashi. Faili lililokatika katikati huleta makosa ya ajabu wakati wa kusakinisha, na lawama zote hupewa Linux. Mashine ikiwaka, bonyeza F12 uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski ya muuzaji, hivyo hana sababu ya kukataa.

Kabla ya hapo lakini, bonyeza F1 uingie BIOS, yaani mipangilio ya ubao inayofunguka kabla ya mfumo endeshi. Ikidai nenosiri na muuzaji halijui, rudisha mashine mezani. Nenosiri la msimamizi la ThinkPad halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya ubao kama wengi wanavyodhani, na msimamo wa Lenovo wenyewe ni kubadilisha ubao mzima. Hapo hakuna punguzo linaloridhisha.

Ndani ya Mint, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `xrandr`. Ukiona 1366x768 ndiyo ukubwa wa juu kabisa, umepewa kioo cha TN: rangi zimefifia, na ukiinamisha kidogo maandishi yanageuka kivuli. Kuna T460 zenye kioo cha IPS cha 1920x1080, na kwa nje zinafanana kama mapacha. Tofauti hii ni ya kudai kwenye bei, kwa sababu kioo ndicho udhaifu mkubwa wa mashine hii. Angalia na kibodi pia. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y. Mpangilio unabadilishwa kwa dakika moja kwenye mipangilio, lakini herufi zilizochapwa kwenye vitufe zitabaki kukudanganya kila siku.

Sasa betri, na hapa ndipo pesa inapopotelea. T460 inabeba mbili: ya ndani ya takriban Wh (wati-saa) 23, na ya nje inayochomoka, ama ya seli 3 au ya seli 6 inayofika Wh 72. Mashine hula ya nje kwanza, ya ndani ikisubiri, ndiyo maana unaweza kuchomoa ya nje na kuweka nyingine huku unaendelea kuandika. Andika `upower -d` ulinganishe mistari ya energy-full na energy-full-design kwa kila moja. Ikiwa iliyobaki ni chini ya nusu, hesabu kwamba unanunua betri mpya na upunguze kwenye bei. Asilimia 100 inayoonyeshwa pembeni mwa kioo haisemi kitu. Betri iliyokufa nusu nayo husoma 100.

Ukishasakinisha Mint, weka tlp, programu ya kusimamia umeme na chaji: `sudo apt install tlp`. Ikiomba kuondoa power-profiles-daemon, kubali, maana mbili hizo hugombana. Fungua `/etc/tlp.conf`, toa alama ya # mbele ya START_CHARGE_THRESH_BAT0 na STOP_CHARGE_THRESH_BAT0, uweke 75 na 80 (chaji ianze chini ya asilimia 75, isimame 80), ufanye vivyo hivyo kwa BAT1, ambayo ndiyo betri ya nje, kisha `sudo tlp start`. Betri inayoshinda kwenye chaja ikiwa imejaa pomoni, katika joto la pwani, huzeeka haraka. Siku ambayo umeme umetangazwa kukatika, `sudo tlp fullcharge BAT1` huijaza yote mara hiyo moja bila kuvuruga mipaka uliyoweka.

RAM ina nafasi mbili na inafika GB 32. GB 4 ni mateso ukifungua Firefox na LibreOffice pamoja, 8 inatosha. Dai RAM ya aina ya DDR3L, ile ya volti 1.35. Kipande cha DDR3 ya kawaida cha volti 1.5 kinaingia vizuri kwenye nafasi yake, lakini usitegemee mashine iwake. Kabla ya kufungua kifuniko, toa betri ya nje, halafu ndani ya BIOS chagua Config, Power, Disable built-in battery. Fundi anayeruka hatua hii anachezea ubao wenye umeme.

Wi-Fi na waya wa mtandao ni vya Intel, draiva zake ziko tayari ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Modemu nyingi za USB za laini za simu nazo husomeka zenyewe. YouTube ndiyo itakayokushangaza: feni inanguruma kwa video ya kawaida tu. YouTube hubana video zake kwa AV1 au VP9; chipu ya picha, HD 520, haina AV1, na kwenye VP9 kazi huangukia prosesa. Weka kwenye Firefox kiongezi cha h264ify, kinachoilazimisha YouTube itumie H.264 ambayo chipu inaimudu, na kelele itashuka.

Wenye steshenari wawe macho na hati za Word. Mteja akileta barua iliyoandikwa kwa Calibri, mistari itahama kama fonti mbadala haipo. `sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea` inatibu Calibri na Cambria, kwa kuwa upana wa herufi zake ni ule ule. Majedwali yenye makro ni jambo jingine; hayo mteja akuletee kwa PDF.

Anayekaa Raskazone au popote upepo wa bahari unapoingia dirishani akague matundu ya USB kwa tochi. Kutu ya kijani kwenye shaba ni dalili kwamba hata miguu ya RAM imeanza kuliwa. Programu ya Disks, iliyomo ndani ya Mint, itakuonyesha afya ya diski. Idadi ya Current Pending Sector, yaani vipande vya diski vinavyoshukiwa kuharibika, ikiwa zaidi ya sifuri, usiweke kazi zako kwenye diski hiyo. Ukishainunua mashine, weka lm-sensors, programu ya kusoma joto, uandike `sensors`. Joto likipanda hadi nyuzi 90 na umefungua kurasa mbili tu, feni imejaa vumbi au pasta ya joto imekauka, na fundi yeyote mwenye brashi na bisibisi anaweza kuimaliza kabla ya saa sita mchana.