Chati ya Ukutani ya Namba 496

Chati hii, inayouzwa shilingi 250 katika duka moja la vifaa vya shule mjini Kisumu, inashughulikia namba moja tu, 496, na kwa maoni yangu uamuzi huo ndio unaoipa thamani. Sehemu ya juu inaorodhesha vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, yaani 1, 2, 4, 8, 16, 31, 62, 124 na 248, ambavyo mwanafunzi akivijumlisha anapata 496 ileile. Ndiyo maana huitwa namba kamilifu, ya tatu baada ya 6 na 28. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba chati haiishii hapo, bali inaonyesha chanzo: 31, yaani jumla ya 1, 2, 4, 8 na 16, ni namba tasa, nayo ikizidishwa kwa 16, ya mwisho kati ya hizo, huleta 496, kwa kanuni aliyoithibitisha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ambayo Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alionyesha baadaye kwamba huzalisha kila namba kamilifu iliyo shufwa.

Vitone vyekundu vilivyopangwa katika safu 31, cha kwanza kikiwa peke yake na safu ya mwisho ikiwa na 31, vinadhihirisha kuwa hii pia ni namba ya pembetatu, ingawa vimebanana mno kwa mtoto aliyeketi dawati la nyuma. Laiti wachapishaji wangeondoa maua ya pembeni, yasiyo na kazi yoyote, wakaonyesha kwamba vipeo vya tatu vya namba witiri 1, 3, 5 na 7 hufikia jumla hiyohiyo! Karatasi ni nzito. Walimu wa sekondari wainunue bila kusita.