Kibanda cha mofa Langoni, Lamu

Jamani mkishuka Lamu na njaa msiishie hoteli za pale gatini tu. Ingieni mtaa wa Langoni baada ya alasiri, kuna kibanda hakina jina wala bango, fuata moshi na ile harufu ya mofa, mikate ya mtama, na mpishe punda kwanza maana uchochoro mwembamba na yeye hakupishi.

Nlikula mofa tatu, mbao (shilingi ishirini) kila moja, na mchuzi wa samaki wa nazi bakuli mia. Mofa ni za mtama kweli, si zile nlizouziwa sehemu fulani Mombasa nikaambiwa mtama kumbe ngano tupu, hizi zimebandikwa ndani ya tanuri la udongo, nje ngumu kidogo ndani laini. Mchuzi uko sawa ila ukwaju umezidi. Chai sukari nyiiingi, sema mapema.

Sasa mbona mtu mzima nusra nilie kwa mkate? Tulikuwa na jirani, bibi mmoja, ukuta kwa ukuta, wakati huo baba hana kazi. Alikuwa akichoma mofa za kuuza na Ramadhani kila jioni sahani ya kwanza, kabla hajauza hata moja, yaja kwetu imefunikwa kawa. Na mwajua sahani ya jirani hairudi tupu, sasa mama hana kitu, leo atatia ndimu mbili, kesho chumvi kwenye kikaratasi, na mpelekaji ni mimi, naona haya nataka ardhi inimeze. Bibi ataifunua palepale mlangoni, "Alaa! mumejuaje kama chumvi imenishia?" Wallahi chumvi ilimwishia Ramadhani nzima. Nlikuja kushtuka nishakuwa mkubwa, na yeye keshatangulia, Allah amrehemu.

Basi nyota nne. Huduma polepole, tanuri moja watu kumi wamesimama, na M-Pesa wanapokea lakini siku hiyo mtandao ulikatika na mfukoni sina kitu. Yule dada mwenye kibanda hata hakuniangalia mara mbili, akanambia kula tu, utaleta kesho. Kesho yenyewe mimi nna boti ya asubuhi ya Mokowe, kupita pale bado hajafungua, nikamwachia hela yake muuza kahawa wa barazani, na ndimu mbili juu.