Jezi orijino ya Man U: nguo ni kali, ila hela yetu inaenda wapi?

Wadau, nimekaa na hii jezi miezi mitatu, nimeivaa kibandani tunapoangalizia mpira, nimeivaa kazini Jumamosi, nimeifua sijui mara ngapi, kwahiyo naongea kitu ninachokijua. Ni jezi ya nyumbani ya Manchester United, orijino kabisa, nimetoa sh 220,000 duka moja hapa mjini. Najua mtasema zile za Kariakoo za buku 15 zinafanana. Hazifanani. Ile feki yangu ya mwaka juzi ilifuliwa mara nne ikawa pinki, hii mpaka leo wekundu wake ni uleule. Kitambaa chepesi, unatoka jasho dakika kumi kimeshakauka, mishono ya kwapani imelala vizuri haikwaruzi. Kwenye nguo sina lawama hata moja.

Sasa siku ya kwanza nimeileta nyumbani nikakaa nayo kitandani naipapasa nembo. Jahazi juu, shetani na uma wake katikati, mipira miwili pembeni, halafu maneno: Manchester juu, United chini. Basi. Zamani palikuwa na maneno "Football Club" pale, yakaondolewa 1998. Ukweli usemwe, hao Glazer, familia ya Kimarekani yenye klabu, walikuwa bado hawajaja, klabu ilikuwa kwenye soko la hisa la London tangu 1991, ila mimi nikiiangalia hii nembo naona kama kuondoa hayo maneno kulitangulia kutuambia kwamba mpira utakaa nyuma ya biashara.

Maana 2005 ndo Malcolm Glazer akainunua kwa karibu paundi milioni 790, na hapa ndipo roho huwa inaniuma, sehemu kubwa ya hela yenyewe ilikuwa ya kukopa na deni akabebeshwa klabu! Yaani mtu ananunua nyumba yako, mkopo unaulipa wewe mwenye kuishi ndani. Klabu ambayo haikuwa na deni ikaanza kulipa riba kila mwaka, hela ya tiketi, hela ya tivii, hela ya majezi kama hili langu. Kuna mashabiki wa palepale Manchester walishindwa kuvumilia, mwaka uleule wakaenda kuanzisha timu yao, FC United. Wengine 2010 wakawa wanavaa skafu za kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la zamani la klabu. Hawakusikilizwa. 2012 hisa zikapelekwa soko la hisa la New York, na za familia zimetengenezwa kila moja ina kura kumi, kwahiyo hata ukinunua hisa huna la kuwaambia.

Mzee Fergie, kocha Alex Ferguson, alikuwa anayafunika haya yote kwa makombe. Alivyoondoka 2013 na ubingwa wa 20, shuka likavutwa. 2018 Ed Woodward, bosi wa wakati ule, aliwaambia wawekezaji kwamba matokeo ya uwanjani hayaathiri sana biashara yao. Alisema wazi na hajasingiziwa, na kibiashara alikuwa sahihi, ndo maana inauma zaidi. Angalia msimu wa 2024/25: timu imemaliza ya 15, pointi 42, mechi 18 za ligi imepoteza, fainali ya Europa imefungwa na Spurs (Tottenham) kule Bilbao, na mwaka huohuo wa fedha mapato yakavunja rekodi, paundi milioni 666.5. Ya 15 kwenye ligi!

Na msiniambie wametumia hela nyingi kwenye usajili. Wametumia ndio, Pogba paundi milioni 89, lakini ni hela ya klabu yenyewe, tena imetumika hovyo, na gawio walikuwa wanajilipa miaka kadhaa mpaka 2022. Uwanja nao wakauacha. Mei 2024 baada ya mechi na Arsenal mvua ilimwagika kutoka kwenye paa la Old Trafford kama maporomoko, dunia nzima imeona. Mwenye kibanda chetu anatoza buku mechi, mwaka jana kabla ya masika alibadilisha mabati yote kwa sababu tulikuwa tunalowa upande wa benchi za nyuma. Kibanda cha buku jamani.

Alipoingia Jim Ratcliffe, tajiri wa Kiingereza aliyenunua sehemu ya klabu, mapema 2024 nikasema afadhali, huyu ni mtoto wa kulekule. Wakapunguzwa wafanyakazi 250, halafu katikati ya msimu tiketi za wanachama zilizobaki zikawa paundi 66, mtoto na mzee bei moja. Glazer mpaka sasa ndo wenye sehemu kubwa.

Kwahiyo jezi kama jezi naipa 4 kati ya 5, hiyo moja nimekata kwa sababu ya bei. Chukua saizi moja juu kama una kitambi, ifue na maji baridi ukiwa umeigeuza ndani nje, pasi isiguse maandishi ya kifuani. Wenye klabu siwapi hata nusu.

Dogo langu lina miaka 11, halijawahi kuona tunabeba ligi. Juzi likaniuliza kama kweli zamani tulikuwa tunachukua, nikalionyesha kwenye simu lile goli la Solskjær kwenye fainali ya Klabu Bingwa Ulaya pale Camp Nou 1999. Likaliangalia mara tatu, halafu likanishika kifuani pale kwenye nembo likauliza ya kwake itakuwa bei gani. Ya watoto dukani waliniambia sh 170,000. Sijalijibu bado.