Wiki sita za mafunzo ya intelijensia ya ushindani: uzoefu wangu

Kazini wananiita shushushu. Jina hilo lilizaliwa siku nilipoomba ruhusa ya kusoma intelijensia ya ushindani, yaani kazi ya kufuatilia washindani ili kuwasaidia wakubwa kuamua, mhasibu wetu akauliza mbele ya kikao kizima kama nitarudi na miwani myeusi na koti refu. Nilicheka pamoja nao, ila moyoni na mimi nilikuwa nikitarajia kitu cha namna hiyo: mbinu za kufukua yaliyofichwa. Nimemaliza sasa, na sikufundishwa kufukua chochote.

Niko idara ya masoko katika kampuni ya ukubwa wa kati inayotengeneza vifungashio vya plastiki: chupa, vifuniko, makopo ya losheni. Kwa miaka mitatu, kila Jumatatu, nilikuwa naandaa "Taarifa ya Washindani", kurasa nane za habari nilizookota magazetini, kwenye tovuti za wapinzani na LinkedIn, kisha naituma kwa watu 21. Niliionea fahari sana. Wiki ya kwanza ya mafunzo mkufunzi alitupa kazi ya ajabu: acheni kutuma ripoti zenu, msimwambie mtu, mhesabu ni wangapi watauliza. Zikapita wiki tatu. Aliuliza mmoja tu, tena alikuwa anatafuta kiungo cha ratiba ya likizo nilichokuwa nakibandika chini kabisa ya ukurasa wa nane.

Hapo ndipo alipotuletea jina la Jan Herring, mtu aliyetoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akaenda kuijengea Motorola kitengo cha intelijensia miaka ya 1980. Herring hakuanzia kwenye habari. Alianzia kwa wakubwa: uamuzi gani unakukabili, jambo gani hutaki likukute umelala, na ni mhusika gani unahitaji kumfahamu barabara? Majibu ya hayo matatu ndiyo huwa mada za kufuatilia. Kisichoingia humo kinaachwa, hata kiwe kitamu namna gani. Nikachapa maswali hayo kwenye karatasi moja, nikamfuata mkurugenzi wetu wa biashara. Nilimwomba dakika ishirini, akanipa saa moja na nusu, na katika muda wote huo hakugusa hata habari moja kati ya zile nilizomtumia kwa miaka mitatu. Kilichokuwa kinamkosesha usingizi ni kama anunue mashine mpya ya kupuliza chupa sasa au asubiri, na kama mpinzani wetu mkubwa atashusha bei tena. Basi. Mambo mawili.

Kama mafunzo yangeishia hapo ningesema ada yangu imerudi.

Hayakuishia hapo, na si yote yaliyofuata yalikuwa na uzito huo. Tulikuwa kumi na wanne, tukikutana kwa video jioni mbili kwa wiki, halafu siku mbili za ana kwa ana mwishoni. Wakufunzi walikuwa wawili. Mmoja aliwahi kuwa mwandishi wa habari za biashara, na huyo ndiye aliyebeba mafunzo mgongoni. Mwingine alikuwa wa zana, na jioni zake nne zilikuwa mateso: slaidi baada ya slaidi za tovuti na programu, nusu ya viungo vimekufa, na kila baada ya muda anarudi kwa Kodak. Ndiyo, Kodak, wale wa kamera na filamu, walitengeneza kamera ya kidijitali mwaka 1975 na wakaomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Tumesikia. Mfano huo umetumika mpaka umechakaa, na hata hivyo haufundishi intelijensia, maana Kodak walijua kinachokuja. Waligota kwenye kuamua.

Nisiwe mchoyo lakini. Kutoka kwa huyo wa zana niliondoka na vitu vitatu ninavyovitumia hadi leo. Cha kwanza, Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, ambayo iko wazi kwa umma tangu 2001: unafungua tovuti ya mpinzani ilivyokuwa mwaka juzi na kuilinganisha na ya leo, na bidhaa iliyoondolewa kimyakimya mara nyingi husema mengi kuliko ile iliyotangazwa kwa mbwembwe. Cha pili, kampuni ya Kimarekani iliyoandikishwa kwenye soko la hisa la huko hulazimika kuwasilisha ripoti ya mwaka iitwayo 10-K, ambayo kwa kawaida huwa na sehemu nzima inayoeleza hatari zinazoikabili, na zote zinasomwa bure mtandaoni kwenye EDGAR, mfumo wa mamlaka ya masoko ya hisa ya Marekani. Nani angedhani mpinzani atakuandikia mwenyewe anachokiogopa? Cha tatu ni tahadhari: maombi ya hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, kwa hiyo ukiyasoma leo unasoma mawazo ya mwaka na nusu uliopita. Tangazo la kazi ni bichi zaidi. Mpinzani anayetafuta mafundi wa aina fulani ya mtambo ameshakuambia mtambo gani uko njiani.

Kuhusu akili mnemba (AI), huyohuyo wa zana alituonyesha programu inayomuhtasarisha mshindani kwa sekunde kumi. Mwenzetu mmoja akafuatilia ripoti iliyotajwa kuwa chanzo. Haikuwepo duniani. Kipindi kikahamia mada nyingine haraka sana.

Sasa niseme kuhusu uzito wa habari, kwa sababu hapa ndipo nilipoona aibu. Sisi tumelelewa na methali kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ndivyo nilivyokuwa nafanya kazi. Nikisikia uvumi kuhusu mpinzani, unaingia kwenye taarifa ya Jumatatu, hapohapo pembeni ya takwimu rasmi, kwa herufi za ukubwa uleule. Yule mkufunzi aliyekuwa mwandishi wa habari alitufundisha mfumo wa Admiralty, ule unaotumiwa na majeshi ya NATO. Kila habari hupata alama mbili: herufi A hadi F kwa anayeileta, na namba 1 hadi 6 kwa habari yenyewe. Zinatolewa kila moja peke yake, na utamu uko hapo. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kukuletea jambo la uongo alilolisikia kwa nia njema, na mropokaji anaweza siku moja kuropoka kweli. F na 6 hazina maana ya "mbaya". Zina maana kwamba huna msingi wa kupima.

Nikachukua toleo langu moja la zamani nikalipitia usiku. Lilikuwa na habari 31. Kumi na tisa zilitoka kwenye matangazo ya wapinzani wenyewe, na kati ya hizo kulikuwa na moja niliyoiandika kwamba "imethibitishwa na vyombo vitatu". Vyombo vyote vitatu vilikuwa vimenakili tangazo moja, mpaka kosa la herufi lilikuwa lilelile. Chanzo kilikuwa kimoja kilichovaa mashati matatu.

Somo lililofuata lilikuwa fupi ila halijaniacha. Sherman Kent, mchambuzi wa CIA, alisimulia mwaka 1964 jinsi tathmini moja ya 1951 ilivyosema kuna "serious possibility", yaani uwezekano wa kuchukuliwa kwa uzito, kwamba Yugoslavia ingevamiwa. Ofisa mmoja akamuuliza maneno hayo yana maana gani kwa namba. Kent mwenyewe akilini alikuwa na 65 kwa 35, yaani asilimia 65 kwamba itavamiwa. Alipowauliza wenzake walioafiki maneno yaleyale, mmoja alikuwa na 20 kwa 80 na mwingine 80 kwa 20. Darasa letu lilikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kesho yake nikajaribu mchezo huo ofisini kwa Kiswahili. Niliwaandikia watu sita sentensi moja, "huenda wakashusha bei mwezi ujao", nikawaomba kila mmoja anipe asilimia bila kumchungulia mwenzake. Nilipata 20, 30, 50, 50, 60 na 85. Aliyesema 85 ni meneja wa mauzo, na ndipo nilipoelewa kwa nini miezi michache kabla alikuwa amekimbilia kuwapa wateja punguzo baada ya kusoma "huenda" yangu. Sasa kila "huenda" ninayoiandika ina namba mbele yake.

Uchambuzi wenyewe tulifanya kwa mbinu ya Richards Heuer, naye wa CIA, ya kushindanisha nadharia. Nilipeleka tatizo letu la kweli: mpinzani amepunguza bei ghafla, kwa nini? Tukaandika sababu tatu juu ya jedwali: amepata malighafi ya bei nafuu, anamwinda mteja mmoja mkubwa, au anamaliza akiba ghalani. Chini tukapanga ushahidi. Kisha unaulizwa swali la kinyume na mazoea: ushahidi huu unaiangusha nadharia gani? Jambo nililolitegemea zaidi, kwamba wauzaji wao wanapiga simu nyingi kuliko kawaida, lilikubaliana na nadharia zote tatu, kwa hiyo halikuwa na thamani yoyote. Lililofanya kazi ni dogo nililokuwa nimelidharau: punguzo lilikuwa kwa chupa za ujazo mmoja tu. Malighafi ikishuka bei inashuka kwa chupa zote. Nadharia ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikayumba, kwa sababu bei mpya walipewa hadi wanunuzi wadogo. Nikampelekea mkurugenzi ukurasa mmoja: asilimia 70 wanamaliza akiba, tusiguse bei yetu, na hiki ndicho kitakachonionyesha nimekosea. Hakugusa bei. Miezi miwili baadaye wakaleta umbo jipya la chupa ileile. Najua ningeweza kukosea, na ndiyo maana ile sentensi ya mwisho naipenda kuliko hizo nyingine.

Siku ya simu ndiyo iliyowasha moto. Kila mmoja alipewa namba za watu wa sekta asiyoijua, akatakiwa kupata picha ya soko kwa mazungumzo matatu. Tulifundishwa kusikiliza, kuvumilia kimya, kuanza na mapana kabla ya kubana. Tulifundishwa pia kwamba watu hawawezi kuliacha kosa lipite: ukitaja jambo lisilo sahihi sana, watakusahihisha na kuongeza. Binafsi hii bado inanitia shaka. Kutamka jambo unalojua si kweli ili mwenzio akusahihishe kuna tofauti gani na kudanganya? Mkufunzi alisema yeye hutumia tu makadirio anayoyaamini. Jibu zuri, ingawa nilimwona akitabasamu.

Jioni hiyo mwenzetu mmoja alirudi na mavuno kuliko sisi sote: idadi ya zamu, majina ya wasambazaji, hadi mipango ya mwaka ujao. Alipoulizwa amepataje, akasema alijitambulisha kama mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu. Mkufunzi akamwambia afute yote.

"Lakini mwalimu, habari zenyewe ni za kweli!"

"Sijasema ni za uongo. Futa."

Ubishi ulichukua karibu saa nzima na ulikula kipindi kilichofuata, wala sikusikitika. Mkufunzi alifungua kanuni za SCIP, chama cha watu wa fani hii kilichoanzishwa 1986, zinazotaka ujitambulishe wewe na taasisi yako kabla ya mahojiano. Kisha akasimulia kisa cha Procter & Gamble cha mwaka 2001. Watu waliokodiwa kwa niaba yao walikuwa wamepekua taka za mpinzani wao Unilever kutafuta mipango ya bidhaa za nywele. Wakubwa wa P&G walipojua, walikwenda wenyewe kuwaambia Unilever, na iliripotiwa kwamba walimalizana kwa takribani dola milioni 10. Taka hazikuwa zimefungiwa kwenye sefu, na mtu anaweza kubishana siku nzima kama sheria ilivunjwa. Kampuni haikungoja ubishi huo uishe. Yule mwenzetu alifuta, akanuna, na siku ya mwisho hakuja.

Malalamiko yangu kwa waandaaji yako hapa. Kwenye ratiba maadili yalipangiwa dakika ishirini, jioni ya mwisho, baada ya maelezo ya cheti. Bila kisa cha simu yangepita kama matangazo ya vikao. Halafu mchezo wa kuigiza ushindani, ambapo kundi moja linakuwa kampuni yako na jingine linavaa viatu vya mpinzani, ulipewa nusu siku na ukakatwa pale ulipokuwa unaanza kuuma. Na cheti, tuseme ukweli, kimetundikwa ukutani kwangu na hakuna aliyewahi kukiulizia.

Kwa nani, basi? Kama uko peke yako kwenye kampuni ukifuatilia washindani na una bosi anayekubali kukaa chini akaulizwa maswali, nenda. Kama bosi wako anataka tu kurasa nane za Jumatatu, utarudi na kiu na hakuna maji. Anayetaka zana aokoe pesa yake. Jioni mbili za kujipekulia mwenyewe mtandaoni zinatosha.

Kuna ngazi ya pili inayotangazwa, na nimeshatumiwa barua pepe nne za kunikumbusha. Nimewaandikia mara mbili kuuliza kama yule mkufunzi wa simu atakuwepo. Wamenijibu kwa kunitumia orodha ya programu mpya zitakazofundishwa.