Mythodea ya Vangelis: zima taa kwanza ndo uisikilize

Wiki ya tatu hii niko na Mythodea na bado kila usiku narudi kulekule. Ni simfonia ya kwaya ya Vangelis, yule Mgiriki wa sinthesaiza, ila humu hayuko peke yake na vinanda vyake vya umeme, kuna okestra nzima, kuna kwaya kubwa, halafu masoprano wawili, yaani waimbaji wa kike wa sauti ya juu, Kathleen Battle na Jessye Norman, na albamu yenyewe ilitolewa kwa ajili ya safari ya NASA ya Mars Odyssey, kile chombo kilichorushwa Aprili 2001 kikafika Mirihi Oktoba hiyohiyo.

Mara ya kwanza niliipiga kwa spika ya simu na sikuona cha maana, ngoma zinalia kama bati. Siku ya pili nikavaa hedifoni, nikazima taa. Aisee. Ule mngurumo wa mwanzo unakuingia kifuani kabla sikio halijajua ni nini, ngoma zinaingia, kwaya nayo inapanda na mi nimeshika pumzi tu.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba kazi hii ilishapigwa Athens tangu 1993, miaka minane kabla ya hicho chombo, na labda ndo maana sijasikia humu mlio wa roketi wala vile vifilimbi vya kompyuta ambavyo watu wakisema muziki wa anga wanakurushia. Anga limo kwenye koo za watu. Mitambo iko chini inabeba, juu ni binadamu wanaita.

Sijaipenda yote lakini. Katikati inapoa, na kuna mahali vinanda vya umeme vimelala juu ya fidla mpaka huwezi kujua nani ni nani, mi ningependa fidla zisikike zenyewe. Vipande navyo havina majina, ni utangulizi halafu namba 1 mpaka 9, ukitaka kumwelekeza mtu kazi ipo.

Video ya onyesho la Juni 28, 2001 itafuteni, wamepiga usiku penye magofu ya hekalu la Zeus hapohapo Athens, nguzo zimemulikwa nyuma ya kwaya. Norman alifariki 2019, Vangelis 2022, na nikimwona yule mama amesimama pale anafungua sauti, narudisha nyuma, nasikiliza tena, narudisha tena.